Maktaba Ndogo za Programu na Saa ya Waswahili

Mtu akaaye Mkange, katika nchi iliyo kaskazini ya mto Wami kuelekea Saadani, akiambiwa kwamba gari la Bagamoyo litaondoka saa moja asubuhi, hana haja ya kuuliza zaidi. Jua limechomoza, saa imepita tangu lichomoze, gari linaondoka. Lakini simu aliyo nayo mkononi, hata kama ameiwekea lugha ya Kiswahili, humwandikia 07:00. Na akipelekewa habari kwamba afike zahanati "saa 2:00", yambidi atue kidogo na kujiuliza: aliyeandika ni mtu au ni mashine? Akiwa ni mtu, ni asubuhi watu wakitoka kunywa chai. Ikiwa ni mashine, yaweza kuwa saa nane ya usiku, wakati ambao zahanati imefungwa na fisi wanatembea. Jambo hili ni dogo, na wengi wamelizoea kiasi cha kutoliona tena. Walakini limeshikana na historia ya watu waliojitengenezea vifaa vidogo vya kuandikia programu, wakavikusanya, wakaviita maktaba. Historia hiyo, na hasa ile ya maktaba ndogo aandikazo mwanafunzi kwa lugha ya JavaScript kwa nia ya kujifunza tu, haijaandikwa sana kwa Kiswahili.

Yafaa kwanza maana ya jina ielezwe. Programu yoyote, iwe kubwa namna gani, ni mkusanyo wa amri. Baadhi ya amri hizo hurudiwa tena na tena: kuondoa nafasi tupu mwanzoni mwa neno, kutafuta iliyo kubwa kupita zote katika orodha ya namba, kupanga majina kwa taratibu ya alfabeti. Mwandishi akichoka kuzirudia huzifunga pamoja, akalipa fungu hilo jina, na tangu hapo akitaka kazi ile huliita jina tu. Fungu la namna hiyo huitwa fankisheni: hupokea kitu, hukishughulikia, kisha hurudisha jibu. Fankisheni kumi au ishirini zilizowekwa katika faili moja ili zitumike popote ndizo ziitwazo maktaba. Kwa hakika lingefaa zaidi jina la kapu la fundi wa majahazi, ambamo mna keekee, patasi na randa, na ambalo fundi hulichukua kila aendako. Jahazi lenyewe halimo kapuni. Lakini pasipo kapu jahazi halitaundwa.

Hata hivyo jina la maktaba halikubuniwa bure, maana hapo mwanzo palikuwa na kabati kweli. Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, mashine iitwayo EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza. Mkuu wa kazi ile alikuwa Maurice Wilkes, na miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya udaktari, David Wheeler. Amri za mashine ile ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi. Haikupita miezi mingi kabla Wilkes hajatambua jambo lililomtia huzuni: programu aliyoitunga, yenye mistari 126, ilikuwa na makosa yapatayo 20, naye akaona wazi kwamba sehemu kubwa ya umri uliomsalia ataitumia kutafuta makosa aliyoyafanya yeye mwenyewe. Dawa waliyoiona ni kwamba kila kipande cha programu kilichokwisha kujaribiwa kikaonekana ni sawa, kihifadhiwe juu ya utepe wake, kiwekwe kabatini, na mwenye haja akinakili. Kufikia mwaka 1951 vipande hivyo vilikuwa 87, na mwaka huohuo Wilkes, Wheeler na mwenzao Stanley Gill walitoa kitabu kilichoeleza namna ya kuvitumia. Wheeler ndiye aliyebuni njia ya mashine kuruka kwenda katika kipande kilichohifadhiwa na kisha kurudi mahali ilipotoka. Ni ajabu kidogo kwamba jambo hilo, ambalo leo kila mwanafunzi hulifanya bila kulifikiri, lilihitaji mtu wa kulibuni.

Kabla ya Cambridge yalikuwako madaftari. Grace Hopper, mwanamke bingwa wa hesabu aliyeingia katika jeshi la majini la Marekani na kupelekwa Harvard mwaka 1944, alisimulia baadaye jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiandika vipande vilivyofaa katika madaftari yao, na mmoja akihitaji kipande alichonacho mwingine humwazima daftari akanakili kwa mkono. Tatizo lilikuwa katika kunakili. Hesabu iliyokuwa sahihi katika daftari la kwanza ilifika katika la pili ikiwa na tarakimu moja iliyogeuka. Mwenye kujua habari za miswada ya tenzi za pwani, zilizopita mkononi mwa waandishi wengi kwa hati za Kiarabu, ataelewa upesi shida ya mama yule.

Na si katika miswada peke yake mambo ya pwani yanapofanana na haya. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 hakuwa mjuzi wa Kiswahili, alikuwa mwanafunzi. Kitabu chake cha mwongozo wa lugha, kilichotoka mwaka 1870, kilitokana na maneno na kanuni alizojikusanyia kwa matumizi yake mwenyewe. Baada yake akaja padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyewasili mwaka 1879 na kufanya kazi Unguja na Bagamoyo. Yeye alitoa kwanza kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891. Ile kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo hata leo hakuna mchunguzi wa lahaja awezaye kuipuuza, ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Miaka 48 ilipita kati ya kitabu cha kwanza na hiki kikubwa. Wangeweza wote wawili kuajiri mkalimani, wakastarehe. Badala yake walijitengenezea chombo, na katika kukitengeneza walilazimika kuamua mambo ambayo mkalimani angeliwaamulia kimyakimya: neno hili ni moja au ni mawili, wingi wake ni upi, lasemwa Mvita au Unguja tu.

Sasa JavaScript. Lugha hii ilitungwa mwezi Mei 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na umbo lake la kwanza lilipatikana kwa muda wa siku kumi. Haraka hiyo imeacha alama. Katika lugha hii miezi ya mwaka huhesabiwa kuanzia sifuri, hata Januari ikawa 0 na Desemba ikawa 11, desturi iliyorithiwa kutoka lugha ya Java. Lakini siku za mwezi huanza na moja kama kawaida ya watu wenye akili zao. Nje ya kasoro hizo ina neema moja ambayo lugha nyingine hazina: imo ndani ya kila kivinjari. Mwenye simu au kompyuta yenye kivinjari amekwisha kupata vyombo vyote vya kuanzia, pasipo kununua kitu chochote.

Maktaba za lugha hiyo zilianza kwa unyonge. Vivinjari vya wakati ule havikuafikiana; amri iliyofanya kazi katika kimoja ilikwama katika kingine, na kila mwandishi alikuwa na faili lake la siri la kuvipatanisha. Mwaka 2005 Sam Stephenson alitoa maktaba iitwayo Prototype. Januari 2006 kijana mmoja, John Resig, alionyesha wenzake mjini New York maktaba yake, jQuery, ambayo baada ya miaka michache ilikuwa imeenea katika tovuti nyingi kupita zote za namna yake. Mwaka 2009 Jeremy Ashkenas alitoa Underscore, kapu la zana ndogondogo za kushughulikia orodha na namba, alizozitoa katika kazi nyingine aliyokuwa akiifanya. Na mwaka 2012 John-David Dalton akaanza kutoa Lodash, iliyoifuata Underscore na kuipita kwa kuenea. Jambo la kuangaliwa hapa ni asili ya vitu hivi. Hakuna hata kimoja kilichoanza kwa baraza wala kwa amri ya serikali. Vyote vilikuwa vifaa vya mtu aliyechoka kurudia kazi moja.

Kisha ukaja wakati wa wingi. Ghala ya vifaa hivi iitwayo npm, iliyoanzishwa na Isaac Schlueter mwaka 2010, ilirahisisha mambo kiasi kwamba kuchukua kazi ya mtu mwingine kukawa kwepesi kuliko kuandika mstari mmoja. Matokeo yake yalionekana tarehe 22 Machi 2016. Mwandishi mmoja, Azer Koçulu, baada ya kugombana na ghala hiyo juu ya haki ya jina, aliondoa kazi zake zote, zaidi ya 250. Mojawapo iliitwa left-pad, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno mpaka litimie urefu fulani. Ilikuwa na mistari 11. Kwa kukosekana mistari hiyo, programu za makampuni makubwa duniani zilishindwa kujengwa kwa muda wa saa kadhaa, kwa sababu zilitegemea kitu, nacho kilitegemea kitu kingine, nacho kikategemea left-pad. Wengi wa waliokwama hawakujua hata kwamba walikuwa wakiitumia. Mwaka uliofuata fankisheni ya kufanya kazi hiyo iliingizwa katika lugha yenyewe.

Waalimu wengine wameitumia habari hii kuwafundisha wanafunzi wasichukue kitu cha mtu. Hayo ni kutia chumvi; hakuna mtu aundaye jahazi akaanza kwa kuchimba chuma cha misumari. Lakini yapo maarifa yasiyopatikana kwa kuchukua. Mwanafunzi aandikapo mwenyewe ile mistari 11 hukutana na maswali ambayo mtumiaji wake hayaoni kamwe: ikiwa neno limekwisha kuwa refu kuliko urefu uliotakiwa, likatwe au liachwe? Ikiwa aliyeleta kitu ameleta namba badala ya neno, ikataliwe au igeuzwe? Ikiwa hakuleta kitu kabisa? Kila swali lina majibu zaidi ya moja yaliyo halali, na mwandishi hana budi kuchagua moja, kuliandika, na kuweka majaribio yatakayomshitaki siku atakapolisahau. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Maktaba ikikwisha, si neno ikiwa hakuna mtu mwingine atakayeitumia.

Katika Tanzania njia ya kujifunza kwa namna hii ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu, na si kwa uvivu wa watu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kutia hesabu za serikali katika mashine kwenda mrama na kugharimu fedha nyingi, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa idhini maalum. Hata amri hiyo ilipolegezwa, mashine ilibaki kuwa mali ya ofisi, kitu cha kutazamwa kwa heshima na kufunikwa kitambaa. Mtu hawezi kujifunza kwa kukosea juu ya kitu asichoruhusiwa kukigusa. Hatua nyingine ilikuja Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na wataalamu wa kompyuta na wa lugha wakisaidiana, pamoja na wenzi wao wa Sweden. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, na maneno mengi yatumiwayo leo yalipita mikononi mwao. Lakini tafsiri hubadili maneno yaliyo juu ya dirisha. Hesabu iliyo chini yake hukaa kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo saa ya Mkange inaporudi. Tangu mwaka 2012 lugha ya JavaScript imekuwa na kanuni zilizowekwa rasmi za kuandika tarehe na namba kwa desturi ya lugha mbalimbali, na Kiswahili kimo. Mwanafunzi akiiomba itaje siku na mwezi kwa Kiswahili, itajibu "Jumatano" na "Machi" bila kusita. Akiiomba saa, itampa saa ya kizungu. Majina yametafsiriwa, hesabu haikutafsiriwa. Waandikao maktaba kubwa wako mbali. Si wabaya, ila jambo hili halijapata kuwachelewesha gari.

Basi mwanafunzi na aiandike fankisheni hiyo mwenyewe, nayo itamfundisha mengi kuliko afikirivyo. Wazo la kwanza la kila mtu ni kutoa sita: saa 7 ya mashine toa sita ni moja, na ni kweli. Saa 10 ni nne, na ni kweli. Saa 6 ya asubuhi inatoa sifuri, na hakuna Mswahili aliyepata kusema saa sifuri. Saa 3 ya usiku inatoa 3 kasoro 6, yaani hasi tatu. Mwanafunzi akikumbuka kwamba saa huzunguka, atatafuta baki ya kugawanya kwa 12, akitumaini hasi tatu itageuka kuwa tisa. Lakini katika JavaScript baki ya namba hasi hubaki kuwa hasi, na mashine itamjibu hasi tatu vilevile. Wengi huutambua ukweli huo wa lugha mara ya kwanza katika mahali kama hapa, wala si katika kitabu. Dawa ni kuongeza sita badala ya kutoa, kisha kutwaa baki ya 12, na baki ikiwa sifuri kuandika 12. Saa 3 inakuwa tisa, saa 19 inakuwa moja, saa 0 ya mashine inakuwa sita ya usiku.

Kuna mjanja atakayegundua njia ya mkato. Afrika ya Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na Buenos Aires iko saa tatu nyuma yake. Tofauti ni sita kamili. Kwa hiyo uso wa saa ya ukutani huko Argentina hufanana daima na saa ya Waswahili: watu wa Mkange wakisema saa moja asubuhi, huko ni saa moja, ingawa ni ya usiku. Mashine ikidanganywa kwamba iko Buenos Aires, hutoa saa ya Kiswahili bila kazi yoyote. Mchezo huu wapendeza, ila una ubaya wake: kati ya usiku wa manane na mapambazuko ya Mkange, Argentina bado iko katika tarehe ya jana, na mwenye kuomba saa na tarehe pamoja atapewa saa sahihi ya siku isiyo yake.

Ikiwa saa imepatikana, zasalia dakika na majira. Saa 7:45 ya mashine ni saa moja na dakika arobaini na tano, lakini watu husema saa mbili kasorobo. Basi dakika zikipita nusu, fankisheni yabidi iisogeze saa mbele na kuhesabu kinyume. Majira ni magumu zaidi. Saa kumi baada ya adhuhuri wengine huiita ya alasiri na wengine ya jioni; saa kumi na moja kabla ya jua wapo waisemayo ya alfajiri na wapo waisemayo ya usiku. Mpaka wake haukuandikwa popote, wala hauwezi kupatikana katika maktaba ya mtu wa California. Mwandishi itampasa awaulize wazee, asikilize misikitini na vituoni, kisha achague, kama Steere alivyolazimika kuchagua.

Siku za juma nazo zina mtego wao. JavaScript huhesabu Jumapili kuwa 0 na Jumamosi kuwa 6. Katika Kiswahili Jumamosi ndiyo ya kwanza, kama jina lake lisemavyo, na Jumatano ndiyo ya tano. Kisha yafuata Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo maana yake pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanzia Jumapili. Juma la Waswahili lina siku mbili za tano, na hakuna anayepotea. Mwanafunzi akitegemea jina kupata namba, au namba kupata jina, atapotea yeye.

Neno gumu kuliko yote ni mwanzo wa siku yenyewe. Kwa mashine siku hubadilika katikati ya usiku. Kwa desturi ya zamani ya pwani hubadilika jua lichwapo, na usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi huuita Alhamisi. Desturi hiyo haijafa. Mwalikwa wa maulidi ya usiku wa Ijumaa bado huwa na haja ya kujua mwenyeji wake ni mtu wa namna gani. Mwenye kuiandika fankisheni hii Mkange, akifika katika jaribio la Alhamisi saa 20:00, anajua kwamba jibu la kwanza litakuwa "saa mbili usiku". Baada ya hapo yambidi aandike jina la siku, na kwa upande huo mashine haina la kumwambia.